Waya Mwembamba Bafuni kwa Mama Mkwe

Kwa miaka mingi nimetandaza nyaya za umeme Kitale, na nimeingia vyumba vya kulala vya watu nisiowajua hata kwa salamu. Bafu lililonishinda kuingia ni moja tu, la mama mkwe wangu kule Tongaren. Kwetu Bungoma mkwe wa kiume haingii ndani kwa mama mkwe, wala hawapeani mikono. Tukiongea, yeye alikaa jikoni, mimi nje, ukuta katikati.

Wanawe walimwekea shawa ya umeme, ile inayopasha maji papo hapo. Alifurahi sana, maana baridi ya asubuhi ilimtesa mifupa. Haukupita muda, nikasikia sauti yake upande wa pili wa ukuta.

"Mkwe, hii maji inauma vidore."

Nilijua palepale. Umeme ulikuwa unavuja, na haukuwa na njia nene ya kushukia ardhini. Waya wa ardhi, ule wa kijani na manjano, haupimwi kwa siku ya kawaida, kwani siku hiyo haubebi chochote. Hupimwa kwa siku mbaya, kama daraja linavyopimwa kwa mafuriko. Ukiwa mwembamba utaungua kabla swichi haijakata umeme, na anayeoga ndiye atakayegeuka waya.

Kwa nje nilifanya nilichoweza. Nilipigilia fimbo ndefu ya shaba, nikaiunganisha kwa waya mnene hadi kwenye mita. Ndani nikamtuma shemeji autazame waya wa ardhi wa shawa.

"Iko tu, ya kijani," akasema.

Unene wa waya haujulikani kwa kuambiwa, na picha aliyonipigia ilionyesha skrubu moja na kivuli cha kidole chake. Nikamwomba mama aniruhusu nilete fundi mwingine.

"Watu watasema nini? Ati niko na mkwe fundi na naita mtu wa nje? Si hiyo ni kukutukana?"

Nikamsihi basi asiiguse ile shawa. Alikubali, akarudi kwenye beseni. Kuni kwake zilikuwa za kupikia, si za kuogea, kwa hiyo alioga baridi. Mila ni zetu na sizikani, lakini asubuhi za mvua, nikijua yuko bafuni anatetemeka kwa kunistahi mimi, niliichukia heshima yetu.

Uzee ulipomchukua, wazee waliniruhusu kuingia baada ya mazishi. Nilienda moja kwa moja bafuni na bisibisi. Waya wa ardhi ulikuwa ule mwembamba wa balbu, umesokotwa tu, na bomba la chuma la maji halikuunganishwa na ardhi kabisa. Nilibadilisha ule, nikaliunganisha hili, na chai ya waombolezaji ilikuwa bado haijachemka.

Nikafungua maji. Yalikuja moto, na hayakuuma. Nikajikuta nimegeukia ukuta wa jikoni, mdomo wazi, nataka kumwambia mama kwamba sasa anaweza kuoga.