Nyuzi laini za mpiga besi wa Mjimwema

Habari za msiba zilinikuta kibarazani kwangu Mjimwema, mahali ambapo habari zote hunikuta, kwa kuwa mimi si mtu wa kuzifuata. Msomaji wangu wa siku nyingi ananijua. Mke wangu akinitambulisha kwa wageni husema, “Huyu ndiye samani yetu ya kwanza, nyingine tulinunua baadaye.” Asubuhi hiyo binti wa nyumba ya mbele alivuka barabara bila viatu, nami nikajua kabla hajafungua mdomo. Baba yake, mpiga besi wa kwaya yetu, presha ilimpanda alfajiri, na walipofika naye hospitali alikuwa ameshatutoka. Sikumwita rafiki, maana urafiki una kutembeleana, na mimi kwa kutembelea watu sina sifa. Alikuwa jirani, mtu wa kupeana shikamoo na marahaba kutoka ng’ambo ya barabara. Lakini kwa muda fulani mwaka huu aliniachia kitu alichokipenda kuliko vyote nyumbani mwake ukimtoa mkewe, na hata hilo la mkewe alikuwa akilisema kwa kusitasita, ili mama achukie kidogo kisha acheke.

Kitu hicho ni besi kubwa la mbao, lile la kusimama, refu kuliko mimi na lenye kiuno kizuri kuliko changu. Kwa miaka mingi lilifungwa nyuzi za chuma. Zinapiga kelele, zinadumu, lakini zinavuta kwa nguvu, na besi lilikuwa limeanza kupata ufa kifuani. Vidole vya mzee navyo vilikuwa vimechoka. Zamani, alinisimulia, besi kama hili lilifungwa nyuzi za utumbo wa kondoo, nazo zilikuwa na tabia za binadamu: mvua ikinyesha zinalegea, jua likiwaka zinakaza, na siku ya sikukuu zinakatika. Siku hizi zipo za kutengenezwa, laini na nene kama zile za utumbo, ila hazijali mvua. Mwanawe aliyeko Dar alimtafutia seti moja, ikaja kwa basi. Mwalimu wa kwaya hakufurahi. Nilimsikia kutoka kibarazani aliposimama getini kwa mzee na kumwambia, “Mzee wangu, hizo zina sauti ya chini. Watu wa nyuma hawatakusikia. Weka chuma mpya, au tumwachie kijana wa kinanda apige besi kwa mkono wa kushoto.” Mzee akamjibu, “Watu wa nyuma hawajawahi kunisikia mwalimu, wanasinzia.” Alicheka, lakini mwalimu alipoondoka alibaki ameshika geti kwa muda. Nadhani hapo ndipo swali lilipomwingia: je, huko kanisani ninahitajika, au wananivumilia?

Kabla hajamaliza kuzifunga, dada yake akaugua huko Nakapanya, na ilibidi asafiri. Akaja kwangu na besi lake. “Wewe si huondoki nyumbani?” Nikasema ndiyo, kwa fahari kidogo. “Basi leo umepata kazi inayokufaa.” Nyuzi za aina hii zikiwa mpya zinanyooka siku nyingi; unazikaza asubuhi, jioni zimeshuka tena, mpaka zitulie. Alikuwa amefunga mmoja tu. Akaniwekea kwenye simu kile kiprogramu cha kupimia sauti ya uzi, chenye mshale: mshale ukisimama katikati, acha. Akanionyesha kuufuta kwa kitambaa laini kikavu, bila mafuta wala spirti, na kutazama kama daraja la mbao linalobeba nyuzi halijaanza kuinama. “Nyingine tatu za zamani usiziguse. Mimi hubadilisha mmoja, nasubiri utulie, ndipo nashika mwingine.” Akaondoka. Siku ya tatu, nikiwa nimeshiba na kujiona fundi, niliwaza mzee arudi akute kazi imekwisha. Nikazilegeza zile tatu za chuma, zote kwa pamoja, nikazitoa. Daraja likalala chini. Kisha tumboni mwa besi nikasikia kitu kimeanguka, ko! Mke wangu akauliza kutoka jikoni, “Umevunja nini?” Nikamwambia sijui, na huo ulikuwa ukweli mtupu.

Kumbe ndani mna kijiti, kimesimama kati ya kifua na mgongo wa besi, hakina gundi wala msumari. Kinashikiliwa na mkazo wa nyuzi tu. Ukizitoa za zamani zote kwa mara moja, ule mmoja mpya hauwezi kukibana peke yake. Mzee aliporudi nilimpokea kwa shikamoo ndefu kuliko kawaida. Akatikisa besi, akasikia kijiti kikitembea ndani, akanitazama. “Jirani, watu wengine hutoka nje ndipo wapate ajali. Wewe umeileta ndani.” Siku nzima alikaa mkekani na waya uliokunjwa na tochi ya simu, akikivua kile kijiti kupitia tundu la kifuani na kukisimamisha, kikaanguka, akakisimamisha. Hakunifokea. Alinipa kazi ya kupanua vijishimo vya daraja kwa tupa ndogo, maana nyuzi hizi ni nene, akanikagua kila dakika tano. Mimi nilizoea kudhani kwamba kitu kipya kinapokuja, cha zamani kinatolewa chote ili pawe safi, na nimeona ofisi na hata familia zikifanya hivyo kwa fagio kubwa. Siku ile nilijifunza kwamba kile kilichochoka ndicho kinachoshikilia nyumba wakati kipya kinazoea.

Jumapili alipiga. Baada ya ibada alinisubiri nje. “Lilisikika?” Mimi, kwa ulimi wangu huu wa utani, nikamjibu, “Niliona mikono yako ikitembea mzee, nikadhani unajikuna.” Akacheka sana. Kisha akauliza tena, safari hii bila kucheka, “Lakini kweli, lilisikika?” Nikasema tutaangalia Jumapili ijayo. Siku chache baadaye alinigusia kwamba huenda akamwachia kijana wa kinanda nafasi.

Na hapa ndipo penye deni langu. Jioni moja waimbaji wawili wa sauti ya pili walipita mbele ya kibaraza wakitoka mazoezini. Mmoja alisema, “Siku hizi nikiimba najua pa kukanyaga.” Mwenzake akajibu, “Ni nyuzi za mzee, dada. Zile za chuma zilikuwa zinatugombeza. Hizi husikii kitu, ila zikinyamaza tu unapotea.” “Si umwambie?” “Aa, mwambie wewe, mimi namwonea haya.” Nikajiambia nitamwambia mimi, kesho. Kesho ikawa na jua, keshokutwa ikawa na manyunyu, na kiti changu kina mto mzuri. Zikapita wiki tatu. Hakuna siku hata moja kati ya hizo ambayo sikumwona akifuta besi lake sebuleni, dirisha likiwa wazi.

Siku ya tatu ya msiba mjane wake aliniita pembeni. “Baba huyu alikuwa ananiuliza kila Jumapili kama anasikika. Mimi nakaa nyuma na watoto, sikuwa na jibu. Wewe ulikuwa unamsikia?” Nikamsimulia walichosema wale waimbaji, neno kwa neno. Akasikiliza hadi mwisho, akajifuta macho kwa upindo wa khanga. “Kwa nini hukumwambia, baba?”

Kazi nyingi zinazotushikilia hazina kelele, na anayezifanya hawezi kujisikia mwenyewe kutoka pale aliposimama. Anahitaji mtu aliyekaa upande wa pili amwambie. Basi, msomaji mwenzangu, kama unamjua mtu wa namna hiyo, vaa ndala zako leo, umwambie. Kutoka kibarazani kwangu hadi mlangoni kwa mzee ni hatua thelathini. Nilizihesabu siku tulipomtoa kwenda kumzika.