Damu kwenye Boksi la Fyuzi

Porpirio alikuwa fundi umeme wa magari mjini Dumaguete kwa miaka thelathini, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kukutana na fundi mwingine. Ndivyo alivyosema mwenyewe. Wenzake wote aliwaita wachoma nyaya. Na madereva? Hao hata kuwataja ni kupoteza mate.

Kwa dharau hiyohiyo alifungua boneti ya jipni, gari la abiria la Garyo, mdogo wa mkewe. Juzi moshi ulifuka chini ya dashibodi katikati ya mteremko wa Valencia, abiria wakarukia mtaroni. Mmoja wao alikuwa Anselma, mkewe Porpirio, anayeipanda kila alfajiri kupeleka budbud zake, keki za wali, sokoni. Goti lake lilikuwa bado limevimba, na kesho angepanda tena, maana gari jingine halifiki kwao.

"Umeona nini, shemeji?" Garyo aliuliza.

"Nimeona ujinga."

Boksi la fyuzi, pale nyaya zote za gari zinapokutana, lilikuwa limeyeyuka upande mmoja. Mahali pa fyuzi mtu alikuwa amechomeka karatasi inayong'aa ya pakiti ya sigara. Kote kulikuwa kumeganda uchafu mweusi, chini yake kutu ya kijani, na ndani ya kutu unyoya mmoja.

"Garyo! Umechinja kuku juu ya umeme?"

"Ile damu ya kulikinga gari na ajali, shemeji. Si kila mtu anafanya? Na ajali hatujapata."

"Dada yako karuka mtaroni, unaniambia ajali hamjapata! Damu ina chumvi, chumvi inakula shaba. Hata mbuzi wangu analijua hilo."

Akachomoa waya wa betri. Kila waya wa boksi akaufunga uzi wa rangi yake, kisha akauhamishia kwenye boksi jipya, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja ukiwa na tusi lake. Hakukosea hata mmoja. Taa zikawaka, honi ikalia. Aligeuka, akamkuta Garyo na jogoo kwapani.

"Boksi jipya, shemeji. Tone moja tu."

"Sogea hapa nikuchinje wewe!"

Anselma, aliyekuwa amekalia tairi bovu, akaangua kicheko.

"Bwana wewe, umesahau? Siku jipni hii ilipoletwa, Garyo alishika kisu. Jogoo alishikwa na nani? Nani alisema, 'Fungua boneti damu iingie ndani, mke wangu atapanda humu'?"

Porpirio akaanza kutafuta bisibisi iliyokuwa mkononi mwake. Masikio yalimwaka kwa aibu.

"Nilikuwa naogopa," alisema mwishowe.

"Na kesho nikipanda?" mkewe akauliza.

Porpirio alilitazama goti la mkewe, akamtazama jogoo.

"Haya, chinja," akamwambia Garyo. "Kwenye tairi."

Kisha akafunga boneti, akapanda juu yake na kukaa, asije akaifungua yeye mwenyewe damu iingie.