Mpagazi Aliyeshika Kapasita

Cheka ukitaka, lakini nisikilize kwanza, maana haya hayakumpata jirani wala rafiki. Yalinipata mimi, hapa Tabora, enzi za Mwingereza. Wala haukuwa usiku. Ilikuwa alasiri, jua linawaka.

Nilikuwa fundi redio. Shemeji yangu alikuwa anaolewa, na mimi nilishaahidi muziki utasikika mtaa mzima wa Chemchem, kwa hiyo nikawa najitengenezea amplifaya. Kilichonisumbua ni ubao wa umeme, ule unaopokea umeme wa mji na kuzigawia vali, zile taa za kioo zinazokuza sauti. Niliuchora kwa mkaa juu ya mbao ya mninga, nikapanga, nikapangua, na bado spika ilinguruma kama mzinga wa nyuki. Siku hiyo nikaamua kuihamishia transfoma pembeni kabisa. Nikachomoa waya ukutani.

Mara hodi. Akaingia mtu mzima, kifua wazi, ngata kichwani, begani sugu nene ya kubeba pembe za ndovu. Wapagazi wa misafara walikwisha zamani, nani asiyejua? Nikampa shikamoo, akaitikia. Akaomba maji, mke wangu Zainabu, aliyekuwa mlangoni akichagua mchele, akamletea. Akanywa taratibu, akasema wakitoka Ujiji walizoea kupumzika papa hapa. Nikaona ni maneno ya uchovu. Nikanyoosha mkono kwenye ubao.

Akanidaka kifundo cha mkono.

"Usiguse, mwanangu. Hicho hakijatua."

Nikamwambia umeme nimeshauzima.

"Mzigo bado kinao," akasema.

Akaweka kiganja chake juu ya kapasita, ile mikebe inayohifadhi umeme. Niamini, kulialika kama bunduki, cheche ya buluu ikaruka. Yeye alishusha pumzi tu, kama mtu aliyefika kambini.

Nikainama kuuchunguza ubao. Rizista niliyoiweka imwage umeme unaobaki ilikuwa imekatika mguu, nami sikujua. Ningeshika pale, Zainabu angekuwa mjane. Nikainuka nimshukuru. Chumba kitupu.

Zainabu akachungulia. "Mgeni wako nimpikie?"

Chumba kilikuwa na mlango mmoja, na Zainabu alikuwa amekaa hapohapo. Alimwona akiingia, hakumwona akitoka. Nikamwambia apike. Tukala pamoja, sahani ya mgeni ikiwa katikati yetu, na ajabu ni kwamba hatukuogopa. Nyumba ilikuwa na utulivu kama ya mtu aliyepokea baraka.

Nikaupanga ubao upya. Mngurumo ukaisha, harusi ikafana, watu wakacheza hadi vumbi likatanda. Kazi hiyo imenilea vizuri mpaka uzee huu. Na tangu siku ile, kifundo alichonishika hupata joto kila nikikaribia kapasita yenye umeme. Hakijanidanganya hata mara moja.

Lakini wewe usijifananishe na mimi. Kuchomoa waya si kumaliza umeme. Umwage kwanza, upime, ndipo uguse. Mkono wako hautakuambia kitu.