Muvi ya wanafunzi wa Arua imenifanya muuaji, na sasa nyama yangu inapelekwa na boda

Wakuu, salaam kwenu. Haya yamenipata mimi mwenyewe, na kama kuna aliyekuwa ukumbini siku ile, anisahihishe hapa hapa.

Naanza na pale palipouma.

Ukumbi mmoja kule Arua, umejaa. Ukutani iko sura yangu, kubwa kama mlango, na kofia ya baba yangu kichwani. Nanoa kisu. Halafu inakuja shingo ya msichana mrefu, mkimbizi wa South Sudan, analia. Halafu sauti yangu: Bismillahi, Allahu Akbar. Halafu damu.

Jirani yangu Mama Nyandeng alikuwa amekaa kando yangu. Yeye pia ni wa South Sudan. Nilitoka naye mimi Koboko, nikamwambia twende uone nimekuwa staa.

Alichukua mkoba wake, akahamia kiti cha nyuma.

Sasa nirudi mwanzo.

Mimi ni Mnubi wa Koboko, Mwislamu, mchinjaji. Shule niliachia P3, darasa la tatu, kwa hiyo herufi zikipinda mnivumilie. Kwetu hata Wakristo wakiwa na arusi wanamwita Mwislamu achinje, ili kila mgeni ale. Mama Nyandeng ni Mkristo, ana hoteli ya chakula, na madereva wengi wanaokula pale ni Waislamu. Nyama yake imetoka kwangu tangu alipofungua.

Wakaja wanafunzi wa chuo kutoka Arua. Dairekta wao anaitwa Derrick. Mwalimu wao ni Bwana Candia. Wakasema wanatengeneza muvi ya mpakani, wanataka kuonyesha kazi za watu. Nikasema karibuni. Wakaninunulia soda.

Derrick akaniambia, "Mzee, noa kisu hapa mbele ya mbuzi. Watu wataogopa vizuri."

Nikamwambia hapana. Mnyama haonyeshwi kisu. Ndivyo dini inavyosema, na hata bila dini ni huruma. Kisu kinanolewa kando, yeye asijue.

Akafikiri kidogo. "Basi mbuzi atoke. Wewe noa, angalia kamera."

Nikanoa, nikaangalia kamera. Hapo ndipo waliponipata, wakuu. Pale nilipomwondoa mbuzi, wao wakamweka msichana. Na Bismillahi niliyosema baadaye nikichinja, wakaiweka juu yake.

Na tazameni walivyotupanga wote. Polisi shujaa ni kijana wa mjini, anaongea Kiingereza tupu. Watu wa South Sudan ni wawili tu: mwanaume wa dola na gari kubwa, na msichana wa kuuawa. Wakulima wa kijijini Lurujo wote walevi, wanakimbia wakiona maiti. Kiswahili tunaongea mimi na genge langu peke yetu, genge ambalo hata silijui. Hiki Kiswahili tunachonunulia chumvi sokoni, kwenye muvi kimekuwa lugha ya kupanga kuua.

Muvi ilipoisha nilimshika Derrick mlangoni mwa ukumbi.

"Mzee, hii iko muvi tu," akasema. "Watu wanajua. Thriller inataka mutu mubaya."

"Na mutu mubaya lazima avae kofia ya baba yangu?"

Bwana Candia akacheka. Akasema nimeigiza vizuri kuliko wanafunzi wake wote.

Sikuigiza, wakuu. Nilikuwa kazini.

Nilipokuwa mtoto nyumba yetu ilichomwa. Baba alikuwa fundi cherehani, hajawahi kushika bunduki. Lakini wanajeshi fulani wa serikali iliyopinduliwa walikuwa Wanubi na sisi ni Wanubi, ikatosha. Tulikimbilia Sudan kwa miguu. Miaka mingi baadaye Mama Nyandeng akakimbia kutoka huko kuja kwetu. Ndiyo maana mimi na yeye hatukuhitaji maneno mengi.

Baada ya ile muvi nilipeleka nyama kama kawaida. Ilikuwa imeshasambaa kwenye simu. Wasichana wa jikoni waliponiona wakatoka kwa mlango wa nyuma, wakaacha maji yanachemka.

Mama Nyandeng akanifuata nje.

"Abu Zeinab," akasema, ndivyo anavyoniita kwa jina la binti yangu, "mimi najua wewe. Lakini hawa wasichana wamefika juzi. Huko walikotoka wameona kisu cha kweli. Tuma nyama na boda. Usikuje wewe."

Simlaumu. Lakini chai yangu ya asubuhi nilikuwa nakunywa pale, meza ya dirishani, nikitaniwa na madereva. Sasa nakunywa nyumbani.

Nilichojifunza ni hiki: mtu akija na kamera, usimuulize tu anapiga nini. Muulize ataweka nini kando yake.

Nyinyi wa Kuluba, wa Ombaci, wa popote mlioitazama, semeni mliona kabila lenu limepewa kazi gani mle ndani. Na anayeona nimekosea kukasirika, aseme pia, nitamjibu.

Derrick na Bwana Candia, najua mnasoma huku. Sitaki soda nyingine. Mje Koboko, mchana, hotelini kwa Mama Nyandeng. Nitaingia kwa mlango wa mbele nimebeba nyama yangu mwenyewe. Nyinyi mtatangulia, muwaambie wale wasichana nani alikuwa mbele yangu siku ile niliponoa kisu.

Hakukuwa na mtu. Hata mbuzi hakuwepo.

Mnakuja lini?