Swali la Ouma Kuhusu Samaki

Leo Ouma, ambaye hata gazeti hasomi, ameninyang'anya mgeni wangu.

Mwandishi wa habari aliyewahi kufungwa kwa sababu ya makala yake alikuja kuhojiwa na klabu yetu ya habari hapa shuleni. Mimi ndiye niliyependekeza aalikwe. Swali langu kuhusu vyama vingi nililiandaa wiki nzima.

Nikalisoma lote.

Akajibu, "Ndiyo, umesema kweli."

Basi!

Ouma akainua mkono. "Mzee, askari walipokuja kukuchukua, ulikuwa unakula nini?"

Darasa likacheka. Mimi nilicheka zaidi, nikingoja akemewe.

Mzee akamgeukia. "Samaki. Ngege mkubwa, na sikuwa nimefika kichwani. Mama watoto alikataa kukitupa kile kichwa mpaka kikaoza. Alisema nitarudi kukimaliza."

Hakuna aliyecheka tena. Akazungumza mpaka kaseti tuliyomrekodia ikaisha.

"Omera, ndugu yangu, kwani nimeuliza vibaya?" Ouma akaninong'oneza.

Kwa wivu, nikajifanya sikumsikia.

Mnaosoma hapa kwenye ubao wa klabu, niambieni kama nyinyi mngemjibu. Mimi nimetoka kuisikiliza ile kaseti.

Swali langu ni refu kuliko jibu lake.