Abakasi Iliyoota Majani

Sifichi kitu: yule mwalimu mwenzangu nilimwonea wivu mpaka chakula kikanishinda. Angekuwa na maringo ningepata nafuu, lakini wapi! Alikuwa mpole, na upole wake ndio ulionichoma. Mimi nilipita chuo cha ualimu, nikala maharage yenye wadudu na kusomeshwa saikolojia ya mtoto. Yeye alimaliza darasa la saba tu, akafunzwa kazi palepale shuleni, kwa sababu serikali ilitaka kila mtoto asome na walimu hawakutosha. Tuliwaita walimu wa UPE. Nilivyokuwa nikilitamka neno hilo, loo, ungedhani nimetafuna shubiri.

Shule yetu ilikuwa ya kijiji cha Ujamaa, huko Nyabusozi. Nyumba yangu na ile aliyokaa na mumewe zilitenganishwa na ua wa matete. Kila asubuhi alipiga hodi, "Shikamoo, dada," nami naitika marahaba huku nikiwatazama watoto wa darasa lake waliokuja kumpokea njiani, wanagombania mkoba wake. Mkoba wangu niliubeba mwenyewe.

Ndipo wilaya ikawaita walimu wa hesabu kwenye semina mjini Biharamulo. Tukaambiwa vifaa vya dukani tusivitegemee, zana tutengeneze wenyewe kwa vitu vya kijijini. Basi watu wazima tukakaa chini, tukikata mabua ya mtama na kufinyanga udongo, wengine wakichana nyuzi za mgomba na kuzisokota pajani. Siku ya kufunga, mkufunzi akatangaza kwamba mkaguzi atapita kila shule kuangalia zana, na katika tarafa nzima atachagua mwalimu mmoja aende Bukoba kwenye kozi ya mkoa, kisha arudi awe mkufunzi wa wenzake.

Nafasi hiyo niliitaka. Niliitaka jamani! Baba yangu, kule Murusagamba, kila nikienda likizo alinitania mbele ya wageni: "Mwanangu, bado unafundisha moja jumlisha moja?" Watu wanacheka, nami nacheka kwa meno. Nilitaka asikie naitwa mkufunzi, anyamaze.

Nikaamua kutengeneza abakasi, lile bao la fremu lenye nyuzi za shanga za mamoja, makumi na mamia. Nilifinyanga shanga za udongo, zote saizi moja, nikazitoboa kwa spoku ya baiskeli, nikazichoma motoni, nikazipaka udongo mwekundu na masizi. Ilipendeza, acha tu. Mwenzangu naye akatengeneza abakasi. Ya nini? Ya maharage! Aliyaloweka kama ya kupika ili sindano ipite, akayatunga yangali yamelowa maji, akaitundika fremu darasani pembeni, chini ya paa la nyasi. Nilipoiona nilicheka peke yangu njia nzima.

Sasa, ilikuwa masika, na pembe ile ilivuja. Mkaguzi alipofika, maharage yalikuwa yameota. Yameota kabisa, vijani viwili viwili vimejitokeza kwenye nyuzi.

Alianza kwangu. Akagusa shanga zangu, akasema, "Nzuri, nzuri," akaandika neno, akatoka. Nikamfuata kwa mbali nimeshika kifutio, nikijifanya nakirudisha, maana sikutaka kupitwa na aibu ya mwenzangu.

"Ndugu mwalimu, hii ni nini?"

Mwenzangu alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja. "Ni abakasi, ndugu mkaguzi. Imeota."

Mkaguzi alicheka mpaka akavua miwani. Nikasema moyoni, kwisha habari yake. Kumbe! Akawageukia watoto. "Uzi huu una maharage mangapi?" Kumi! "Mangapi yameota?" Saba! "Basi kwa sehemu tuandikeje?" Darasa zima likapaza sauti, "Saba ya kumi!" Binti mmoja akanyoosha mkono, akaeleza kwamba yale mengine sindano ilipita kwenye kiini ndiyo maana yamekufa. Mkaguzi akapiga makofi. "Hii ndiyo Elimu ya Kujitegemea! Hesabu na kilimo kwenye uzi mmoja!"

Akamchagua yeye. Mungu wangu, kosa lake likala nafasi yangu! Jioni hiyo nilipika mboga nikasahau chumvi, nikaila hivyo hivyo kwa hasira. Alipokuja kuaga nilimtakia safari njema, na nadhani uso wangu haukushiriki.

Hakumaliza kozi. Vita vya mpakani vilianza, na watu wa Bukoba wakakimbia na vifurushi vichwani. Malori ya jeshi yakapita Biharamulo kuelekea kaskazini, nasi tukakaa na redio tukijua mwenzetu yuko huko. Aliporudi alikuwa amevimba miguu, kajifunga kanga ya kupewa na mtu asiyemjua. Kijiji kizima kikamiminika kwake. Nilimkumbatia nikalia, na machozi yale yalikuwa ya kweli. Lakini watu walipomzunguka wakilidaka kila neno lake, nilimwonea wivu hata vita.

Amani iliporudi kozi ikaitishwa upya. Akaja uani kwangu. "Dada, Bukoba siwezi kurudi. Mlango ukibamizwa tu nadondosha chaki. Nimemwomba mkaguzi uende wewe badala yangu, amekubali." Nafasi niliyoililia, nikaipokea kutoka mkononi mwake. Niliipokea hivyo hivyo.

Kule Bukoba jina lililoandikwa lilikuwa lake. Nikaeleza, wakasema litarekebishwa. Halikurekebishwa. Kila asubuhi mkufunzi aliita jina la mwenzangu, na kila asubuhi nikaitika nipo. Nilifanya kazi kama punda. Nilitengeneza mizani ya vibuyu, nikakata duara za mgomba za kufundishia sehemu, nikasifiwa mbele ya wote, kwa jina lake. Siku ya mwisho cheti kikatoka na jina lile lile. Nikalalamika ofisini. Wakaniambia aliyeteuliwa na wilaya ndiye anayetambulika kuwa mkufunzi, nisiwacheleweshe.

Nikarudi nacho. Ningekifanyia nini? Nilimpelekea nyumbani kwake. Alifuta mikono kwanza kwenye kanga, akapiga magoti, akakipokea kwa mikono miwili. Hakuwahi kuwa na cheti cha ualimu chochote.

"Asante, dada yangu. Umenisomea."

Nikasema haidhuru. Mume wake akakitundika ukutani. Kila mgeni aliyeingia alikisoma kwa sauti na kumpongeza, nami nimekaa palepale mkekani, nakunywa uji wake.