Chumvi Juu ya Kilima cha Gasenyi

Niliondoka Kigoma kwa sababu ya mnara. Si mnara wa kujivunia. Ukiuona kwa mbali unadhani ni tangi la maji lililovaa miwani. Lakini ndimo nilimokuwa nikiongozea ndege, na wakubwa walitaka kuufunga. Mpango ulikuwa kuunganisha vituo vidogo vilivyolizunguka Ziwa Tanganyika, kazi yote ihamie Bujumbura kwenye jengo moja jipya lenye mlingoti wa redio, juu ya kilima. Kabla ya kujenga ilitakiwa tathmini ya mazingira: mradi utaharibu nini, utamuumiza nani. Wakateuliwa watu wawili: mhandisi kutoka Kampala, Bwana Wasswa, na mtu mmoja wa vituo vitakavyofungwa. Nikachaguliwa mimi, maana wenzangu wananijua: sinunui fungu la dagaa bila kulihesabu mara mbili.

"Kawatafutie kosa," waliniambia wakinisindikiza uwanjani. Wakacheka. Nami nikacheka, ingawa sote tulikuwa na watoto shuleni.

Asubuhi hiyo hiyo tukapaa kwa ndege ndogo. Barabara haikuwa ya kufikiriwa. Vita ya Burundi ilikuwa inaelekea ukingoni, mikataba imeshasainiwa, ila si kila bunduki ilikuwa imepata habari. Rubani alishika katikati ya ziwa, mbali na milima, kisha akaita Bujumbura. Ikajibu sauti niliyozungumza nayo miaka mingi bila kumwona mwenyewe: nzito, ya mtu anayejaza mlango.

Bujumbura, chini ya ngazi ya ndege, mwenye sauti alikuwa ananisubiri. Anaitwa Salvator. Kichwa chake kilifika begani mwangu.

"Ni wewe kweli?" nikamuuliza.

"Ni mi. Ule mukubwa nilimuacha mu redio."

Nilifikia kwake, mtaa wa Nyakabiga, nyumba yenye duka dogo kibarazani. Mkewe alitupa ugali wa muhogo na ndagala, yaani dagaa wetu wale wale waliovuka mpaka wakabadili jina. Giza lilipoingia milango ilifungwa, kwa kuwa mji ulikuwa na saa zake za kutotoka nje, na Salvator akanieleza kilima kiko wapi. Kiko juu ya Gasenyi, pembeni mwa mji upande wa kaskazini. Chini yake kuna chemchemi. Mabomba ya mtaa yalikauka tangu vita ilipopamba moto, hivyo Gasenyi nzima inakunywa pale.

Siku ya pili tulikwenda Gasenyi kwa mkutano. Bwana Wasswa, aliyekwisha kufika kutoka Kampala, alikuwa mtu mwema, nadhifu, anayeamini utaratibu kama wengine wanavyoamini dawa. Alibandika mchoro ukutani: mlingoti, jengo, jenereta mbili, tangi la dizeli la kuzikwa ardhini. Watu walijaa. Mlangoni walisimama askari wawili, kwa usalama wetu, tuliambiwa.

"Kuna mwenye pingamizi?" Bwana Wasswa akauliza. Ikatafsiriwa kwa Kirundi, ikarudiwa kwa Kiswahili.

Kimya. Mzee mmoja alikohoa, kila mtu akamtazama, akaomba radhi kwa kukohoa.

"Hakuna pingamizi," akasema Bwana Wasswa, akaandika.

Mimi nimekulia sokoni. Mteja akinyamaza mbele ya bei, hajakubali. Anatafuta njia ya kutoka. Tulipotoka nilimwomba Salvator anipeleke kwenye chemchemi, bila askari na bila mchoro.

Asubuhi iliyofuata tuliwakuta wanawake wamepanga madumu. Aliyekuwa akisimamia foleni ni Mama Zaituni, mjane wa fundi magari, Mwislamu wa mjini hapo tangu babu zake. Salvator alimwamkia kwa heshima na kumwambia mimi ni nani.

"Jana uliitwa kusema," nikamwambia. "Mbona ulinyamaza, Mama?"

"Mbele ya bunduki, niseme nini? Niseme mi napinga serikali? We unarudi kwenu, mi nabakia hapa." Akamsogeza mtu aliyetaka kuruka foleni. "We mama, rudia nyuma, nakuona! Eh, mugeni wangu. Iyo mafuta yenu munaweka juu. Maji yetu inatoka wapi? Si ni juu?"

Swali lake ndilo lililokuwa kazi yetu. Kama maji ya chemchemi yalitoka chini ya pale palipochorwa tangi, siku tangi litakapovuja mtaa mzima utakunywa dizeli. Kama yalitoka kwingine, hofu yake haikuwa na mguu wa kusimamia.

Nilimpelekea Bwana Wasswa swali hilo.

"Ndugu yangu," akasema kwa upole, "wewe una mnara wa kuokoa. Nikiandika hofu yako, watasema ni ya mnara."

Alisema kweli, nami nikamwambia hivyo. Akafungua sanduku lake akatoa kopo la unga wa rangi. Kipimo ni rahisi, alisema: tuchimbe shimo palipopangwa tangi, tumimine rangi na maji mengi. Chemchemi ikigeuka kijani, tumepata jibu.

Salvator alishika lile kopo na kulifunga yeye mwenyewe.

"Apana, Bwana Anjenieri. Maji ya Gasenyi ikigeuka kijani, nani atangoja jibu yako? Hawa watasema bale ba kabila ingine ndio balituwekea sumu. Bale watasema ni hawa. Mbele ya saa sita tutakuwa tunazika batu."

Bwana Wasswa alikaa chini. Nadhani ndipo alipoelewa amefika nchi gani. Na mimi, niliyejidai mjuzi wa kimya cha watu, jambo hilo lilikuwa halijanipitia kichwani.

"Kitu kisicho na rangi," nikasema hatimaye. "Kitu ambacho kila mama anakijua ulimini."

Saa tano tulikuwa sokoni tukinunua chumvi. Muuzaji alikuwa mama kutoka Uvira, ng'ambo ya mpaka.

"Magunia ine? Papa, kwako muko wangapi?"

"Sisi ni wachache, ila tunapenda mchuzi. Punguza bei."

"Nipunguze, nile nini? Chumvi?"

Nilitaja bei yangu, akanitukana kidogo, nikaondoka hatua chache, akaniita. Yote yalikwenda yanavyotakiwa. Nilihesabu magunia mara mbili, la tatu likawa limelegea, akaliongeza huku akiuliza kama Kigoma wote tumezaliwa na mizani.

Mchana ule Mama Zaituni alipita nyumba kwa nyumba. Hatukutaka kumfanyia mtu yeyote jambo la siri. Aliwaeleza wanawake, wa kila kabila na kila dini, kwamba tutamimina chumvi juu, na kwamba wachote akiba kwanza. Walijaza masufuria, ndoo, hata beseni za kuogeshea watoto. Salvator akaazima gari la zimamoto la uwanja wa ndege, maana pale juu hapakuwa na maji. Lilipanda kilima likinguruma, na dereva wake akasema katika miaka yake yote ya kazi hajawahi kuitwa kuzima chumvi. Tukachimba shimo palipochorwa tangi, tukamimina magunia yote manne na maji yote ya gari juu yake. Ardhi ilikunywa kama mtu aliyetoka kufunga. Tukashuka mapema, kabla barabara haijafungwa.

Kulipopambazuka tukarudi Gasenyi, tukakuta foleni haina madumu. Walikuja kutazama. Mama Zaituni alikinga maji kwa bakuli, akaonja. Akampa jirani yake, mwanamke wa Kikristo mwenye mtoto mgongoni. Yule naye akaonja, akamtazama. Kisha Mama Zaituni akamshikisha Bwana Wasswa bakuli kwa mikono miwili, kama anavyopewa mgeni.

Akanywa. Uso ukamkunjika.

"Ni chumvi," akasema.

"Leo ni chumvi," Mama Zaituni akajibu. "Kama ingekuwa dizeli, Bwana Anjenieri, ungemeza?"

Kuna mwanamke aliangua kicheko, wengine wakamfuata, na Bwana Wasswa naye akacheka, huku akijifuta mdomo. Akaitoa karatasi yake ya mkutano na kuufuta mstari mmoja, ule wa "Hakuna pingamizi".

Pembeni akaniuliza, "Basi mradi haufai. Ndivyo?"

Kalamu ilikuwa mkononi mwake. Nilichotakiwa kufanya ni kuitikia kwa kichwa tu. Nilifikiria mnara, nikawafikiria wenzangu, nikawahesabu, nikawahesabu tena.

"Tangi ndilo lisilofaa," nikasema. "Mlingoti haunywi dizeli. Jenereta na tangi viwekwe chini uwanjani, mahali ambako maji ya chemchemi hayapiti, umeme upandishwe kilimani kwa waya."

"Waya utakuwa ghali."

"Utashuka. Kila kitu kina bei ya kwanza na bei ya kweli."

Akaandika. Salvator alisikia yote. Tulipokuwa tunarudi mjini aliniuliza kwa ile sauti yake ya redio, "Muzee, we ulikuja kuuza mnara wako bure?"

Siku ya kurudi nilisindikizwa na familia yake yote hadi uwanjani. Juu ya ziwa sauti yake ikatuaga kupitia redio ya rubani, rasmi kabisa.

Nyumbani wenzangu walisikiliza habari hadi mwisho. Mmoja tu ndiye aliyeuliza: "Kosa si ulilipata?" Nililipata. Hicho ndicho nilichorudi nacho: ukitumwa kutafuta kosa, kosa utalipata, na kazi ngumu ni kuliacha libaki na ukubwa wake. La Gasenyi lilikuwa na ukubwa wa tangi moja. Ningeweza kulivimbisha likafika Kigoma na kutushikia mnara, lakini ningemgeuza Mama Zaituni na foleni yake kuwa kisingizio changu, na siku uongo ungejulikana, nani angeamini tena kwamba maji yao yanatoka juu?

Mnara ulifungwa. Tangi halikuzikwa kilimani.